Maghala na maboma ya Nyanda za Juu Kusini: tulipime jengo kabla ya kulibomoa ili kujenga fremu

FundiSanifu_Ipogolo ameandika:

Kamwene, ndugu zangu. Naomba tujadili kwa utulivu jambo linaloendelea katika miji yetu, kuanzia Mafinga na Makambako hadi Mbalizi na Tukuyu, ambalo kila likitokea linatukuta tumechelewa. Jengo la zamani hukaa bila mpangaji miaka kadhaa, bati likang'oka, maji ya mvua yakaozesha mbao mbili tatu za kenchi, na hukumu ikatolewa papo hapo kwamba limechakaa, libomolewe, pajengwe fremu za maduka. Anayetoa hukumu hiyo mara nyingi hajapanda juu kuzikagua kenchi zilizobaki, wala hajachimba pembeni mwa ukuta ili auone msingi. Mimi ni fundi sanifu wa majengo, kazi yangu kubwa ni ukarabati, na ninaumia kila nikiona lori la kifusi likibeba matofali ambayo yangeweza kusimama miaka mingine hamsini.

Ninachokisema ni kimoja. Jengo la zamani lipimwe kwanza, kisha kazi mpya itafutwe kulingana na jinsi lilivyo. Sisi tumezoea kuanza na kazi: mtu ana wazo la ukumbi wa harusi, au hosteli, au supamaketi, halafu anatafuta jengo la kulazimisha wazo lake. Ukuta unatobolewa, nguzo inaondolewa, ghorofa inaongezwa juu ya msingi usiojulikana kina chake, na nyufa zikitokea lawama inaangukia uzee wa jengo.

Mfano ulio karibu nasi ni Boma la Iringa. Wajerumani walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali ya jeshi lao, miaka michache baada ya kuiteka Kalenga, ngome ya Wahehe, mwaka 1894 na miaka miwili baada ya kifo cha Mtwa Mkwawa mwaka 1898. Waingereza walipoishika nchi walilitumia kwa ofisi za utawala, na baada ya Uhuru likaendelea kuwa ofisi za serikali kwa miongo mingi. Mwaka 2016 lilifunguliwa upya likiwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kupitia mradi wa Fahari Yetu ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Iringa kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya. Hospitali, ofisi na makumbusho ni kazi tatu tofauti, lakini zote hukaa vizuri katika vyumba vya ukubwa wa wastani vyenye kuta nene, na hakuna hata moja inayodai ukumbi mpana usio na nguzo wala sakafu ya kubeba mashine. Waliolichagulia kazi ya tatu walisoma vizuri kazi mbili zilizotangulia.

Hata hivyo, sikuanzisha uzi huu kwa ajili ya maboma ya kikoloni. Maboma yana watu wa kuyasemea. Majengo yasiyo na msemaji ni maghala, nayo ndiyo mengi zaidi huku kwetu, kwa sababu Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini. Vyama vya ushirika vilijenga maghala, Shirika la Usagishaji la Taifa likajenga mengine. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, kisha biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa watu binafsi. Katika kupanda na kushuka huko, maghala mengi yalibadilishwa wenyewe mara mbili au tatu, mengine yakabaki mikononi mwa mtu asiyejua afanye nayo nini. Nyaraka zake zimepotea, ila kuta zipo.

Ghala la aina hiyo, ukiliingia kwa mara ya kwanza, linaonekana giza tupu na popo. Ukikaa kidogo na tochi unaanza kuliona. Sakafu ni zege lililomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi iliyoshindiliwa, na imeinuliwa juu ya usawa wa barabara ili lori lipakie bila mtu kubeba gunia begani kupanda ngazi. Kuta ni za tofali la kuchoma, na kila baada ya mita chache kuna mnofu wa tofali uliojitokeza nje kuusaidia ukuta usisukumwe na uzito wa magunia yaliyorundikwa ndani. Matundu ya hewa yako juu, chini ya paa, yamezibwa kwa wavu wa kuzuia ndege. Kenchi ni za mbao nzito au za chuma, zimevuka upana wote bila nguzo katikati. Jengo hilo lilisanifiwa libebe mzigo mzito chini, lipitishe hewa juu na libaki kavu.

Sasa jiulize ni kazi gani ya leo inayohitaji mambo hayo hayo. Njombe, Rungwe na Mufindi zinalima parachichi za kuuza nje, na parachichi inahitaji mahali pa kuoshwa, kupangwa kwa ukubwa, kufungashwa na kupozwa kabla ya safari ndefu. Chumba cha baridi cha parachichi aina ya Hass huendeshwa kwenye nyuzi joto 5 hadi 7 hivi. Hakuna haja ya kuugeuza ukuta wa zamani kuwa ukuta wa jokofu. Unajenga chumba ndani ya chumba: paneli za sponji ngumu zilizovikwa bati pande zote mbili, zikisimama kwenye fremu yake ya chuma juu ya ile sakafu imara, bila kuegemea ukuta wala kuning'inia kwenye kenchi. Ghala la nje linabaki kuwa mwavuli unaozuia jua na mvua, na sehemu iliyobaki inakuwa ya kupangia na kufungashia. Sakafu iliyoinuliwa inapokea lori la leo kama ilivyopokea la zamani. Siku ile biashara ikibadilika, paneli zinafunguliwa na ghala linabaki jinsi lilivyokuwa. Hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa, kwa kuwa kila badiliko linalofanywa leo linapaswa kuweza kuondolewa na mtu wa baadaye bila kuliumiza jengo.

Yapo mambo mawili ya hatari ambayo hayapaswi kupitwa. La kwanza ni dawa. Maghala ya nafaka yalipuliziwa dawa za wadudu kwa miaka mingi, na baadhi ya maghala ya vijijini yalihifadhi pia dawa za mashambani zilizokwisha muda wake. Zege hunywa dawa hizo. Kabla ya kuweka chakula chochote, sampuli za vumbi na za uso wa sakafu zipelekwe maabara, na ikibidi tabaka la juu likwanguliwe na sakafu mpya imwagwe juu. La pili ni paa. Ukiona mabati ya kijivu yasiyo ya chuma, mazito, yanayovunjika kama kigae, huenda ni asbesto. Usiyakate, usiyatoboe, usiyatupe chini kutoka juu. Nyuzi zake zikivutwa hukaa kwenye mapafu na madhara yake hujitokeza miaka mingi baadaye. Huondolewa yakiwa yameloweshwa, yakiwa mazima, yakafungwa kwenye nailoni nene na kupelekwa mahali palipoelekezwa na mamlaka ya mazingira. Mtu asiwape vijana wa kibarua kazi hiyo kwa nyundo.

Wanaopenda mifano mikubwa, Cape Town wanalo ghala la nafaka la bandarini lililokamilika mwaka 1924, lenye mapipa marefu 42 ya zege, ambalo tangu 2017 ni makumbusho ya sanaa yanayoitwa Zeitz MOCAA. Fedha za kazi ile hatuna, na sidhani tunazihitaji. Nimelitaja kwa sababu hata wao walianza kwa kuuliza yale mapipa yanaweza kuwa nini.

Karibuni tujadili.

Mnyalukolo_Halisi ameandika:

Ndugu FundiSanifu, nashukuru kwa andiko lako, ila nina mambo mawili ya kukupinga kwa heshima.

Kwanza, unazungumzia Boma kama vile ni jengo la kawaida. Kwa wengine wetu lile ni jengo la watu waliotuvunjia mji wetu. Babu zetu walibebeshwa mawe na matofali ya majengo ya namna hiyo bila kuulizwa kama wanataka. Fuvu la Mkwawa lilikaa Ujerumani hadi mwaka 1954 ndipo likarudi Kalenga. Mtu akisema libomolewe, huenda hana haraka ya kupata fremu. Huenda ana kidonda.

Pili, fedha. Mwenye kiwanja kando ya barabara kuu akijenga fremu kumi anapata wapangaji kumi, na kila mmoja anamlipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Kwa ghala anahitaji mpangaji mmoja mkubwa, na huyo akiondoka, mapato yote yanasimama. Hapo umepata jibu kwa nini watu wanabomoa.

FundiSanifu_Ipogolo ameandika:

Mzee wangu Mnyalukolo, kidonda hicho nakifahamu, nami nimekulia ndani ya masimulizi hayo hayo. Lakini tazama kinachofanyika ndani ya Boma sasa. Vyumba walimotibiwa askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, vinaeleza historia ya Wahehe na ya makabila mengine ya mkoa, kwa maelezo ya watu wa hapa hapa, na mtoto wa shule anaingia akiwa mgeni mwenye haki ya kuuliza maswali. Lingebomolewa, wajukuu wangebaki na masimulizi bila mahali pa kuyaelekezea kidole. Ukuta uliojengwa kwa jasho la babu zetu ni mali ya babu zetu pia. Mimi nautetea kwa ajili yao, na waliotoa amri ya kuujenga siwatetei kwa lolote.

Kuhusu fedha, hoja yako ni nzito na siwezi kuikwepa. Fremu zinalipa kwa sababu hatari imegawanywa kwa wapangaji wengi. Kwa hiyo ghala nalo ligawanywe. Maghala mengi yamekaa nyuma kidogo ya barabara, na mbele yake pana uwanja wa malori ambao leo hautumiki wote. Fremu chache zinaweza kujengwa ukingoni mwa uwanja huo, kwa msingi wake na ukuta wake, bila kugusa ukuta wa ghala, ili mapato yaanze mapema wakati ghala linakarabatiwa kwa awamu. Ndani ya ghala lenyewe, vizuizi vyepesi vya mbao visivyofika kwenye kenchi vinaweza kutenganisha karakana ya seremala, stoo ya pembejeo, sehemu ya kufungashia na darasa la ufundi. Wapangaji wanne wenye mahitaji tofauti hawaondoki siku moja.

Halafu kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye makadirio. Kuta, msingi na sakafu vipo tayari. Ukivibomoa unalipa kibarua cha kubomoa, unalipa lori la kifusi, kisha unanunua upya saruji, nondo, mawe na tofali. Tofali la kuchoma huku kwetu linachomwa kwa kuni, na milima yetu inaonyesha kuni hizo zilikotoka. Naomba kila mwenye ghala, kabla ya kuamua, amwite mkadiriaji majenzi amwekee hesabu mbili mezani: ya kubomoa na kujenga, na ya kukarabati. Wengi wanaamua wakiwa na hesabu moja tu.

Nkamu_wa_Tukuyu ameandika:

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi ni fundi uashi wa Rungwe na nataka kuongezea mambo ya huku, kwa sababu yanayofaa Iringa si lazima yafae Tukuyu.

Huku mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka. Adui wa kwanza wa jengo la zamani ni maji, na mwenye jengo mara nyingi humsaidia adui huyo kwa nia njema. Kuta za zamani zilijengwa kwa tofali la kuchoma au mawe, zikaunganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kidogo na kuutoa taratibu, na umezoea hali hiyo. Mwenye nyumba anapoona rangi imebanduka anaita fundi apige lipu ya saruji nje na ndani, kisha rangi ya mafuta. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kutokea. Baada ya misimu miwili mitatu lipu inavimba, chumvi nyeupe inatokea, udongo ulioshika matofali unageuka tope, na ukuta uliosimama miaka themanini unaanza kutoa tumbo. Halafu watu wanasema ni uzee.

Lipu ya chokaa ndiyo inayofaa hapo. Kipimo ninachotumia ni chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka nyembamba nyembamba, kila tabaka likisubiriwa lishike na likinyunyiziwa maji na kufunikwa magunia ili lisikaushwe na upepo. Chokaa hushika kwa kuvuta hewa ukaa polepole, kwa hiyo fundi mwenye haraka haiwezi. Pale ambapo mwenye kazi hawezi kusubiri, tunachanganya saruji moja, chokaa mbili na mchanga tisa, ambayo bado ni laini kuliko lipu ya kawaida. Lakini kabla ya lipu yoyote, rekebisheni mifereji ya paa na mchimbe mtaro wa kuondoa maji kwenye msingi. Nimeona kuta zikikauka zenyewe baada ya mtaro tu.

Jambo la pili ni tetemeko. Sisi tumekaa kwenye Bonde la Ufa, Rungwe ni volkano, na mwaka 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko la ukubwa wa 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Kuta za tofali zisizo na nondo huanguka kwa sababu kila ukuta hucheza peke yake. Ukitaka kuingiza watu wengi ndani, iwe darasa au kliniki, fungeni kuta ziwe kitu kimoja: renta ya zege au ya mbao juu ya kuta zote kuzunguka jengo, paa lifungwe kwenye renta hiyo, na pale kuta ndefu zinapotazamana pitisheni fimbo za chuma zenye sahani nje pande zote mbili. Kazi hiyo haifichi uzuri wa jengo wala haihitaji kubomoa.

FundiSanifu_Ipogolo ameandika:

Nkamu, umenisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Naongeza kidogo tu kuhusu nyufa, kwa kuwa ndizo zinazowatisha watu hadi wakaita katapila. Ufa wa zamani uliokwisha kutulia na ufa unaoendelea kufunguka ni vitu viwili, na kwa macho ya siku moja huwezi kuvitofautisha. Bandikeni kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jipsamu, upande huu na upande ule, mwandike tarehe ukutani kwa penseli. Kiacheni kipite msimu mzima wa mvua na kiangazi chake. Kioo kikibaki kizima, ufa huo ni kovu. Uzibwe kwa chokaa mwendelee na kazi. Kikivunjika, chimbeni mwone msingi unasumbuliwa na nini, na mara nyingi mtakuta bomba linalovuja au mti uliopandwa karibu mno.

Binti_wa_Soko_Matola ameandika:

Shikamooni wakubwa zangu. Baba yetu alituachia nyumba ya duka hapa Mbeya, ya zile za zamani zenye duka mbele, vyumba vya kuishi nyuma na ua katikati. Ina ghorofa moja yenye sakafu ya mbao. Ndugu zangu wanataka tuiuze kiwanja kwa mtu atakayebomoa. Mimi ningependa juu pawe maktaba na mahali pa wanafunzi kujisomea kwa malipo kidogo, chini pabaki biashara. Je, inawezekana? Na kisheria tunaanzia wapi? Nimeambiwa pia kwamba nyumba ya zamani inalindwa na serikali na hairuhusiwi kuguswa, jambo ambalo limewaogopesha ndugu zangu zaidi.

FundiSanifu_Ipogolo ameandika:

Marahaba, binti yangu. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nyumba za namna hiyo zimebaki chache katika Mbeya, na mji wenyewe una umri mdogo. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920 na ukakua kwa dhahabu ya Lupa kule Chunya. Nyumba za duka za kipindi hicho ndizo kumbukumbu yake ya mwanzo.

Nianze na hofu ya ndugu zako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Karibu kila jengo la matofali au mawe huku Nyanda za Juu ni la baada ya hapo, kwa hiyo ulinzi wake unategemea kutangazwa rasmi na waziri mwenye dhamana. Nyumba yenu, kama haijatangazwa, haifungwi na sheria hiyo. Ulizeni kwa maandishi idara ya mambo ya kale ili muwe na jibu mkononi. Kwa upande wangu naona hapo ndipo penye pengo, kwa kuwa tarehe hiyo inayalinda magofu ya Pwani na kuiacha historia yetu yote ya ujenzi ikitegemea huruma ya mwenye nyumba.

Sheria inayowahusu zaidi ni ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hati yenu inataja matumizi ya kiwanja. Ikiwa inasema makazi na biashara, maktaba ya kulipia inaweza kukaa ndani ya matumizi hayo au ikahitaji kibali cha kubadili matumizi. Ofisa mipango miji wa jiji ndiye wa kuwaambia. Ukarabati unaogusa kuta, paa au ngazi unahitaji kibali cha ujenzi, na michoro iandaliwe na msanifu majengo aliyesajiliwa. Kabla ya yote hayo, mirathi ikamilike na jina kwenye hati liwe la msimamizi au la ninyi warithi. Nimeshuhudia kazi nzuri zikisimama katikati kwa sababu ndugu mmoja hakusaini.

Sasa maktaba ghorofani. Hapa naomba unisikilize kwa makini. Sakafu ya mbao ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Ofisi ni kama kilo 250. Rafu za vitabu hukadiriwa kilo 240 kwa mita ya mraba kwa kila mita moja ya kimo, maana yake rafu za kimo cha mita mbili zilizopangwa mfululizo zinakaribia kilo 500 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara tatu ya uwezo wa sakafu yenu. Inaweza isivunjike siku ya kwanza. Itapinda, mbao zitachomoka kwenye ukuta, na siku wanafunzi watakapojaa msimu wa mitihani hapatakuwa na muda wa kukimbia. Jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Jengo la zamani halina ugomvi na mtu, lakini halivumilii kukadiriwa kwa macho.

Kwa hiyo badilisheni mpangilio, wazo libaki. Vitabu viwekwe chini, kwenye vyumba vya nyuma vyenye sakafu ya zege, na rafu ziachwe nafasi kidogo na ukuta ili hewa ipite. Ghorofani pawe meza za kujisomea, idadi ya viti ikiwekewa kikomo na mhandisi baada ya kufungua mbao chache za sakafu na kuangalia boriti zilivyo, hasa ncha zake zilizoingia ukutani, ambako mchwa na unyevu huanza kazi. Achome bisibisi kwenye ncha hizo. Ikizama bila nguvu, boriti hiyo ibadilishwe au iongezewe mbao pembeni. Ngazi moja ya mbao haitoshi kwa watu wengi. Ua wenu wa katikati unatoa nafasi ya ngazi ya pili, ya chuma, inayosimama peke yake na kuwashusha watu nje. Nyaya za umeme za zamani zing'olewe zote, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakague pamoja nanyi njia za kutokea kabla ya kufungua.

Mbele pabaki duka, kama ulivyosema, na milango ile mirefu ya mbao msiibadilishe kwa shata za chuma. Ikarabatiwe. Duka hilo ndilo litakalolipia umeme wa maktaba mwaka wa kwanza.

Mnyalukolo_Halisi ameandika:

Nimesoma majibu yote. Nina swali moja la mwisho. Kama mwenye jengo hana fedha za kukarabati mwaka huu wala ujao, afanye nini ili lisianguke wakati anasubiri?

FundiSanifu_Ipogolo ameandika:

Mzee wangu, hilo ni swali ambalo watu wengi zaidi wangepaswa kuliuliza. Fedha kidogo ikipatikana iende kwenye paa, hata kama ni mabati machache ya geji 28 ya kuziba mapengo, na ikibaki iende kwenye mifereji na mtaro. Kateni miti inayomea kwenye nyufa ingali midogo, na shina lake lipakwe dawa, kwa maana ikivutwa kwa nguvu hutoka na tofali. Madirisha yazibwe kwa wavu yasizibwe kwa tofali, ili hewa iendelee kupita. Kisha tafuteni mtu wa kulitumia hata kwa kodi ndogo sana, fundi baiskeli au mama anayekausha mboga, kwa makubaliano ya maandishi kwamba atafagia, atafungua milango kila siku na atatoa taarifa bati likitikisika. Mtu akiwemo ndani, uvujaji unaonekana wiki ile ile ulipoanza.